Trekta Ndogo na Kasoro Zake za Siri

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Ng'ombe wa gredi akiugua, mchungaji hujua mapema. Huacha majani, masikio hulala, na maziwa hupungua katika ndoo. Trekta haimwonyeshi dalili za namna hiyo mtu asiyeizoea. Yaweza kung'aa rangi asubuhi, ikalima ekari mbili kabla ya saa sita, na huku ndani yake beringi inasagika kidogo kidogo. Siku itakapopiga kelele ya kusikiwa na kila mtu, mara nyingi uharibifu umekwisha kuwa mkubwa.

Katika makala haya nataka kusema jambo moja. Kasoro ya siri katika trekta mpya si aibu ya mkulima, wala si bahati mbaya ya kunyamaziwa. Ni jambo la kupelekwa kwa aliyeiuza, na kwa kiwanda kilichoiunda. Yapasa lipelekwe mapema, tena kwa maandishi. Na mkulima atakayesikilizwa ni yule aliyeweka daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi hudhani maneno hayo ni ya mwenye duka tu, lakini kwa maoni yangu yamfaa zaidi mwenye trekta.

Kwa nini jambo hili ni kubwa katika skimu

Skimu nyingi za makazi katika nchi yetu zilianza mwaka 1962 na miaka iliyofuata, chini ya mpango wa ekari milioni moja. Wazee wetu waliingia mashambani wakiwa na deni la ardhi mgongoni. Tangu siku zile mashamba mengi yamegawiwa watoto na wajukuu. Penye ekari kumi na tano pamekuwa na tano, na mahali pengine mbili. Trekta kubwa haina hata mahali pa kugeukia katika kipande cha namna hiyo. Ndiyo sababu trekta ndogo, za nguvu ya farasi 20 mpaka 40, zimependwa na wakulima.

Trekta ya namna hiyo hununuliwa na mtu mmoja kwa mkopo, au na kikundi kilichochanga fedha miaka kadhaa. Kisha hulimia majirani kwa malipo, na malipo hayo ndiyo hulipa mkopo. Basi ikisimama mwezi wa Machi, wakati mvua zinapoanza, hasara si ya mwenye trekta peke yake. Majirani wote waliokuwa wakiingoja hukaa na mbegu ndani ya nyumba. Katika Trans Nzoia na Uasin Gishu msimu mkubwa wa mahindi ni mmoja kwa mwaka, na anayepanda akiwa amechelewa huvuna kidogo. Trekta yaweza kusimama na mvua yaweza kupita, lakini tarehe ya kulipa mkopo haisimami wala haipiti.

Kasoro zinazojificha

Kasoro nyingine huonekana wazi. Taa haiwaki, tairi imepasuka, kiti kimevunjika. Hizo hazina haja ya makala. Hizi zifuatazo ndizo zinazokula trekta kimya kimya, na kila mwenye trekta ndogo yafaa azijue.

Ya kwanza ni vumbi. Injini ya dizeli huvuta hewa nyingi. Hewa hiyo hupita katika chujio, kisha katika bomba la mpira, ndipo iingie katika injini. Bomba likiwa na ufa mdogo baada ya chujio, au kibanio chake kikiwa hakikukazwa vizuri wakati trekta ilipounganishwa, vumbi huingia bila kuchujwa. Vumbi la Februari ni kama msasa. Hula ringi za pistoni na kuta za silinda. Mkulima haoni kitu ila oili kupungua, moshi wa buluu kutoka, na trekta kukosa nguvu kwenye mteremko. Kila wiki pitisha mkono juu ya bomba hilo, ukitazama nyufa na kukaza vibanio. Ukikuta vumbi ndani ya bomba upande wa injini, usiiwashe tena mpaka fundi wa wakala aione.

Ya pili ni maji katika oili. Katika trekta ndogo nyingi oili ya giaboksi, ya ekseli ya nyuma na ya haidroliki ni moja. Sili ikiwa mbovu, maji ya mvua au ya kuoshea huingia, na oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailindi vyuma. Hutia beringi kutu na kuharibu pampu ya haidroliki, na mikono inayobeba plau huanza kuinuka kwa kusitasita. Basi uchomoapo kijiti cha kupimia, usitazame kiasi tu, tazama na rangi. Tena, ukishuku bomba la haidroliki linavuja, usilipapase kwa mkono, maana oili yenye shinikizo yaweza kupenya ngozi na kumdhuru mtu vibaya. Tumia kipande cha kadibodi.

Ya tatu ni maji ya rejeta kupungua kila siku, na chini ya trekta hakuna hata tone. Maji hayo yamekwenda wapi? Huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua au haikukaa sawasawa, na maji yanaingia katika silinda au katika oili. Andika kila siku umeongeza maji kiasi gani. Wala usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto.

Ya nne ni ekseli ya mbele katika trekta zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Tairi za mbele ni ndogo kuliko za nyuma, na gia zimepimwa kwa ukubwa wa tairi hizo. Mtu akiweka tairi za mbele za kipimo kingine, au akiendesha juu ya lami huku ameunga magurudumu yote manne, gia za mbele na za nyuma hushindana, na chuma hulika bila sauti. Hilo ni kosa la mwendeshaji, na kiwanda hakitalipa. Lakini ikiwa umefuata kitabu, na sili za mbele zinavuja oili katika saa 30 za kwanza za kazi, hapo una neno la kuuliza.

Ya tano ni bolti zinazolegea. Trekta ndogo mara nyingi husafirishwa ikiwa vipande vipande na kuunganishwa hapa nchini. Bolti zinazoshika injini na giaboksi pamoja zikilegea, nyumba ya klachi yaweza kupata ufa usioonekana kwa sababu ya matope na rangi. Vitabu vingi vya trekta mpya huagiza huduma ya kwanza ifanywe baada ya saa 50, ili oili na machujio yabadilishwe na bolti zikazwe. Mkulima anayesema, "Trekta bado mpya, ya nini kuitengeneza?" amejinyima silaha yake ya kwanza. Siku ya shauri wakala atauliza habari za huduma ile kabla ya jambo lolote jingine.

Ya sita haitoki kiwandani, bali huchanganya mambo yote. Ni dizeli iliyotiwa mafuta ya taa. Pampu ya injini ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Uchanganyaji huu ulizidi hata mwaka 2018 Serikali ikaweka tozo ya Sh. 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Trekta iliyokunywa mafuta hayo ikipelekwa kwa wakala na pampu iliyokufa, wakala husema si kosa la kiwanda, na husema kweli. Nunua mafuta mahali unapopajua, na uweke risiti.

Namna tunavyoharibu ushahidi wetu wenyewe

Hapa ndipo ninapotaka wakulima wafikiri sana. Mara nyingi mkulima mwenye haki hupoteza haki yake kabla hajafika mlangoni pa wakala.

Yuko anayesikia kelele katika giaboksi saa nne asubuhi, akasema, "Acha nimalize ekari hii." Kufika jioni, jino moja lililovunjika limekwisha kuvunja mengine kumi. Fundi wa kiwanda akifungua hataweza kujua ni lipi lililotangulia. Yuko mwingine anayemwita fundi wa sokoni, na fundi anafungua pampu iliyofungwa kwa lakiri ya kiwanda. Sisemi neno baya juu ya mafundi wa jua kali. Wengi wao wana akili na mikono myepesi, na bila wao skimu nyingi zingekuwa makaburi ya mashine. Lakini wakati wa dhamana si wakati wao. Lakiri ikivunjwa, kiwanda kimepata mlango wa kutokea.

Katika eneo letu nilipata kuona mambo mawili katika mwaka mmoja. Mkulima mmoja trekta yake ilikosa nguvu kabla ya kutimiza miezi minane. Akamwita fundi, pampu ikafunguliwa uani juu ya gunia, na vipande vingine vikapotea katika nyasi. Alipokwenda kwa wakala aligomba sana, akapandisha sauti, akatoka na maneno tu. Hakuna aliyeweza kusema kama pampu ile ilikuwa mbovu tangu kiwandani.

Kikundi cha akina mama katika skimu iyo hiyo kilikuwa na trekta ya aina nyingine yenye ugonjwa uleule wa kukosa nguvu. Mweka hazina wao aliandika kila siku saa za kazi, lita za dizeli, oili iliyoongezwa, na jina la mwendeshaji. Walipoona oili inapungua kila wiki zaidi ya wiki iliyotangulia, walisimamisha trekta na kuandika barua. Fundi wa wakala akaja, akakuta kibanio cha bomba la hewa hakikupata kukazwa tangu trekta ilipounganishwa. Ringi na silinda zilibadilishwa, na kikundi hakikulipa. Tofauti ya watu hawa wawili haikuwa elimu wala fedha. Daftari lile lilinunuliwa dukani kwa bei ya daftari la mtoto wa shule.

Jambo la tatu linaloharibu ushahidi ni uongo. Mtu hajabadilisha oili tangu trekta ifike, lakini anaapa kwamba amebadilisha. Fundi mwenye ujuzi akitazama chujio anajua. Basi hata neno la kweli utakalosema baadaye halitasadikiwa, na jirani yako atakayekuja kesho na shauri la haki atatazamwa kwa jicho lile lile. Ukikosea huduma moja, iandike vivyo hivyo ilivyokuwa.

Tena liko jambo la nne, nalo ni kunyamaza. Mtu aliyenunua trekta mbele ya kijiji kizima, na watu wakaja kuitazama, huona haya kusema kwamba ina ugonjwa. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Kasoro isiyosemwa haikuumizi wewe peke yako. Huenda trekta ishirini zilizokuja pamoja na yako zina kasoro iyo hiyo, na kila mwenye nayo anajidhani yuko peke yake.

Je, kiwanda chaweza kumsikia mkulima?

Wengi husema, "Kampani hizi ni kubwa, ziko ng'ambo. Barua ya mtu wa ekari tano itafika wapi?" Wajibu wangu kwao ni habari ya kweli.

Mwaka 1958 kampani ya International Harvester ya Marekani ilitoa trekta mpya, miongoni mwake ile iliyoitwa Farmall 560. Injini yake ilikuwa ya silinda sita na yenye nguvu kuliko za nyuma. Lakini gia na beringi za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma zilikuwa karibu zilezile zilizobuniwa kwa ajili ya Farmall ya mwaka 1939. Kwa nje trekta ilikuwa nzuri, na mtu aliyeizunguka mara kumi siku ya kununua asingaliona kasoro yoyote. Ni kazi nzito ya shambani iliyoifichua. Vyuma vya ndani vilivunjika, na habari zikazidi kuja kutoka kwa wakulima na wauzaji. Mwaka 1959 kampani ikalazimika kuziita trekta hizo, aina za 460, 560 na 660, ili sehemu mbovu zibadilishwe. Jambo hilo liliivunjia heshima sana, na washindani wake wakafaidika.

Trekta hizo hazikuwa ndogo kama zetu, wala shamba la kule si kama shamba la skimu. Lakini somo ni lile lile. Wenye elimu na vyombo vya kupimia hawakuizuia kasoro ile isitoke kiwandani. Wakulima ndio walioigundua, na kampani ilitikisika kwa sababu habari zilikuwa nyingi na za kweli. Kiwanda hakiogopi mtu mmoja anayegomba. Huogopa watu wengi wanaoandika jambo moja, kila mmoja na namba ya trekta yake.

Sheria nayo haikumwacha mkulima. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, husema kwamba mtu anayenunua kitu kwa mfanya biashara wa vitu vya namna hiyo atarajie kukipata katika hali inayofaa kuuzwa. Mnunuzi akiwa amekikagua, hawezi kulalamika juu ya kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionyesha. Tazama vizuri maneno hayo. Tairi iliyopasuka siku ya kununua ni juu yako uliyeitazama. Beringi mbovu ndani ya giaboksi haionekani kwa macho ya mnunuzi, na hiyo haikuhesabiwa juu yako. Lakini maneno ya mkataba yaweza kupunguza haki hiyo, basi soma mkataba mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi, au umpe mwanao aliyesoma akusomee.

Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000, na sheria yake hutaka shauri limalizwe katika siku 60. Bei ya trekta yaweza kuzidi kiasi hicho, lakini gharama ya kutengeneza giaboksi au pampu mara nyingi haizidi. Hata hivyo mahakama ni mlango wa mwisho. Barua nzuri humaliza mambo mengi kabla ya kufika huko.

Barua iandikwe namna gani

Barua isiwe ndefu wala isiwe na matusi. Iseme mambo ambayo fundi anataka kuyajua. Mfano wake ni huu:

"Kwa Meneja wa Huduma. Trekta yangu, namba ya fremu kadha, namba ya injini kadha, niliinunua kwenu tarehe kadha, risiti namba kadha. Imefanya kazi saa 112. Jana saa nne asubuhi, ikilima kwa plau ya diski mbili katika shamba kavu, ilianza kupiga kelele ndani ya giaboksi katika gia ya tatu. Katika gia nyingine kelele ilipungua. Niliizima papo hapo, na haijafunguliwa na mtu yeyote. Huduma ya saa 50 ilifanywa na fundi wenu, na karatasi yake ninayo. Oili ni ya aina iliyoandikwa kitabuni. Naomba mtume fundi kabla ya tarehe kadha, kwa kuwa msimu wa kupanda umekaribia. Nakala ya barua hii naipeleka kiwandani."

Namba za fremu na injini hupatikana katika kibao cha chuma juu ya trekta. Ziandike siku ya kwanza, kabla kibao hakijafutika kwa matope na oili. Saa za kazi husomwa katika mita iliyo mbele ya mwendeshaji. Mita ikiharibika, toa habari mara moja, maana dhamana nyingi huhesabiwa kwa miezi au kwa saa, lolote litakalotangulia. Simu ya mkononi nayo ni msaada. Piga picha ya mahali panapovuja na ya rangi ya oili, na urekodi kelele ya injini, maana kelele ina tabia ya kunyamaza fundi anapofika. Oili ukiitoa, weka kidogo katika chupa safi yenye kifuniko, ubandike tarehe.

Barua ikipelekwa kwa mkono, nakala ipigwe muhuri au itiwe sahihi ya aliyeipokea. Usiposikia jibu katika siku kumi na nne, andika ya pili na utaje tarehe ya kwanza. Kama wako wengine wenye trekta ya aina iyo hiyo, chama cha ushirika na kiwaandikie barua moja, kila mtu na namba yake na saa zake.

Maneno kwa wauzaji, na kwa wanaonunua kesho

Haitakuwa haki nikiwalaumu wakulima peke yao. Wakala anayeuza trekta ndogo kwa mamia ya kilomita kutoka dukani kwake, na hana fundi wala vipuri karibu na skimu, ameuza nusu ya trekta. Kitabu chake kiwe katika lugha ambayo mwendeshaji anaisoma. Muuzaji amwambie mnunuzi wazi ni vitu gani visivyofunikwa na dhamana, tena amwambie kabla ya kupokea fedha. Na mkulima akileta habari ya kasoro, isijibiwe kwa neno la "mmeitumia vibaya" kabla trekta haijatazamwa. Habari hiyo ni mali kwa kiwanda pia, maana ndiyo itakayokizuia kuuza kasoro iyo hiyo kwa watu elfu.

Kwa wanaonunua kesho, nasema hivi. Usiulize bei peke yake. Uliza fundi wa karibu yuko wapi, chujio na sili zinauzwa mji gani, na kipuri kikikosekana hungojwa siku ngapi. Jihadhari hasa na trekta ndogo zilizotumika Japani kisha zikaletwa kuuzwa. Nyingi ni mashine njema, na bei yake ni nafuu. Lakini baadhi ziliundwa kwa soko la kule tu. Maandishi yake ni ya Kijapani, kitabu hakipatikani, na kiwanda hakikuahidi dhamana kwa mnunuzi wa hapa. Anayeinunua atambue kwamba amenunua chuma bila mlinzi, na aweke fedha kando kwa siku ya kuharibika.

Kwa vyama vya ushirika nina ombi moja. Wanachama wanunue aina moja au mbili za trekta, wasitawanyike katika aina kumi. Trekta kumi za aina moja katika skimu moja humfanya wakala aone faida ya kuweka fundi na vipuri hapo, na mkulima mmoja akigundua kasoro, tisa wengine huonywa siku iyo hiyo.

Msimu wa kulima haujafika bado kwa wengi wetu. Wakati huu, trekta ikiwa imesimama chini ya mti, nunua daftari. Katika ukurasa wa kwanza andika namba ya fremu, namba ya injini, tarehe ya kununua na namba ya risiti. Katika ukurasa wa pili piga mistari ya tarehe, saa za mita, dizeli, oili, maji, kazi iliyofanywa, na jina la mwendeshaji. Mwendeshaji aandike kila jioni kabla ya kupokea ujira wake, na wewe usome kila Jumamosi. Safari ya oili kutoka alama ya juu kwenda ya chini itakuwa imeandikwa mbele ya macho yako, na siku utakayogonga mlango wa wakala hutahitaji kupandisha sauti.